Mlima Mdogo kwenye Karatasi ya Seva

Seva mpya ikifika, karatasi ndiyo ya kwanza kutupwa. Fundi huikung'uta pamoja na vifuko vya nailoni, akatafuta skrubu na nyaya za umeme, kazi ikaanza. Moja ya karatasi hizo niliiokota sakafuni katika chuo kimoja mjini Iringa. Kichwa chake kilisema ina taarifa za usalama na za kutimiza kanuni. Nilikaa nayo jioni nzima kama mtu aliyepewa diwani aihakiki, nikiuliza maswali yale yale ya kila siku: nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini amechagua umbo hili.

Umbo kwanza. Karatasi imekunjwa kama ramani, na ukiikunjua unakuta aya fupi fupi, kila moja na lugha yake. Msomaji mwenye haraka atadhani ni tafsiri za aya moja. Sivyo. Aya ya Kijerumani inasema kelele za mashine hazifiki desibeli 70. Ya Kijapani inazungumzia mwingiliano wa mawimbi ya redio. Kifini, Kiswidi na Kinorwe vinapokezana sentensi moja tu, kwamba kifaa kichomekwe kwenye soketi yenye ethi. Ni kama baraza ambalo kila mzee anazungumza na mtu wake aliyesimama nje ya dirisha, wala hakuna anayemsikiliza jirani yake.

Hao walio nje ya dirisha ni mamlaka za serikali. Kila aya ipo kwa sababu nchi fulani iliidai. Kinorwe, lugha ya watu wapatao milioni 5, kimo. Kiswahili, ambacho UNESCO inakihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200, hakimo. Wingi wa wasemaji hausaidii kitu hapa; lugha huingia kwa kudaiwa na sheria.

Basi msemewa wa karatasi hii si fundi aliyeishika. Wosia wa Kiswahili una adabu yake: mshairi Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858 alimwita kwanza binti yake amkaribie, ndipo akaanza kuusia. Karatasi ya seva inaonya bila kuita. Ina sauti ya mtu anayeweka ushahidi mapema, ili siku ya kesi aweze kusema: nilisema.

Sikiliza sentensi yake mashuhuri kuliko zote, ile ya Daraja A. Inaarifu kwamba kifaa ni cha Daraja A, kwamba kikitumiwa mahali pa makazi huenda kikavuruga mawimbi ya redio, na kwamba ikiwa hivyo mtumiaji huenda akatakiwa kuchukua hatua zinazofaa. Angalia vitenzi vinavyokwepa. Huenda kikavuruga, huenda akatakiwa. Atakiwe na nani? Hatua zipi? Kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na neno "zinazofaa" limeificha kazi yenyewe. Ukimsomea sentensi hiyo fundi wa Mwanjelwa, kwetu Mbeya, atakuuliza kama umemaliza.

Kuna mtego mwingine humo ambao mwandishi wa asili hakuukusudia. Kwetu sote tuliosoma shule, daraja A ni la anayeongoza darasa. Mafundi umeme nao wana leseni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, za madaraja yenye herufi, na A ndiyo ya juu. Fundi akiona Daraja A kwenye seva, atafurahi kwamba mzigo ni bora. Maana yake ni kinyume. Kifaa cha Daraja A kimeruhusiwa kutoa mawimbi mengi zaidi kwa kuwa kinatarajiwa kukaa ofisini au kiwandani. Chenye masharti makali ni Daraja B, kinachoweza kukaa nyumbani. Na mpaka huo wa ofisi na nyumba, ambao sentensi nzima imeuegemea, nani ataniambia unapita wapi Mbeya? Duka liko mbele, familia iko nyuma, seva iko chumba cha kati. Redio inayokoroma saa ya taarifa ya habari ni ya bibi wa chumba cha pili.

Sitaki kuonekana ninaikejeli tu karatasi hii. Ina mahali inapoacha kujitetea ikazungumza kama mzazi. Inasema seva inaweza kuwa na waya wa umeme zaidi ya mmoja, na kabla ya kuifungua uchomoe zote. Kitenzi kiko katika hali ya kuamuru na sababu inajieleza yenyewe: ukichomoa mmoja, feni zinaendelea kuzunguka na umeme bado umo ndani. Jirani yake ni onyo kwamba ethi iunganishwe kabla ya umeme, kwa kuwa kuna mkondo unaovuja. Hii si hitilafu. Vichujio vilivyo ndani ya pawasaplai hupeleka umeme kidogo kwenye ethi muda wote, na ethi ikikosekana, umeme huo hubaki kwenye bati la kasha ukisubiri mkono.

Hapo ndipo ile sentensi ya Kifini, ambayo mafundi wengi wa Iringa hawawezi kuisoma, inapotuhusu kuliko zote. Vifaa vingi hufika kwetu na waya wenye plagi ya Ulaya, pini mbili za mviringo, na ethi yake iko ubavuni. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mtindo wa Kiingereza. Fundi anachukua kalamu, anaisukuma kwenye tundu la juu, vizuizi vinafunguka, pini mbili zinaingia. Taa za seva zinawaka, kila mtu anashukuru, na ethi haijagusa kitu. Hata soketi ikiwa sahihi, Iringa imekaa juu ya mawe. Gangilonga, ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema, si la peke yake. Majabali yamezagaa mjini. Kuchimbia fimbo ya ethi kwenye ardhi kama hiyo ni kazi, na kiangazi udongo ukikauka upitishaji wake wa umeme hupungua, hata ikabidi kuumwagia maji.

Sasa nifike kwenye kona niliyoipenda. Karibu na aya ya Kichina kuna mchoro mdogo wa mlima wenye tarakimu 2000. Hauna neno la Kiswahili wala la Kiingereza, lakini hakuna alama nyingine humu inayotufahamu kama huo. Ulitokana na kiwango cha China cha mwaka 2011, kilichotaka kifaa ambacho hakikujengwa kwa ajili ya miinuko mikubwa kionyeshe kwamba ni cha mita 2,000 kushuka chini. Waliofikiriwa ni watu wa miinuko kama Tibet. Lhasa iko zaidi ya mita 3,600. Sababu ni ya kifizikia: hewa nyepesi haizuii cheche vizuri, na feni inayoisukuma hubeba joto kidogo. Watengenezaji wengi hupunguza joto la chumba linaloruhusiwa kwa nyuzi 1 hivi kila mita 300 baada ya mita 900 za kwanza. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo nyuzi 35 zinazoruhusiwa kwenye karatasi ni kama 32 kwetu. Mlima Loleza, wenye minara ya mawasiliano juu ya mji, unapita mita 2,600. Uwanda wa Kitulo nao unapita mita 2,000. Kile kimchoro kilichochorwa kwa ajili ya Lhasa kinajua ramani ya Nyanda za Juu Kusini kuliko aya zote zilizokizunguka.

Ubavuni mwake iko alama ya pili: kifaa si cha tabianchi ya tropiki. Hapo nilicheka. Mbeya iko latitudo ya karibu nyuzi 9 kusini, ndani kabisa ya tropiki, na mwezi Juni watu wanaamkia makoti mazito. Alama ya kwanza inampokea mtu wa Mbeya, ya pili inamtilia shaka, wala hakuna sentensi ya kumweleza kwamba wataalamu wakisema tropiki hapo wanawaza joto lenye unyevunyevu, si mstari wa ramani. Taswira imefika ukomo wake, palihitajika maneno.

Maneno hayo yanaweza kudaiwa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania huidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano, na ina ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya. Shirika la Viwango lipo, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, wapo. Naomba waidai aya moja ya Kiswahili, kama Wanorwe walivyoidai sentensi yao moja. Rasimu nimeianza, waisahihishe: "Seva hii ina nyaya mbili za umeme. Usiichomeke kwa kalamu. Tafuta plagi yenye ethi. Kabla hujaifungua, chomoa zote mbili."