Jibu limekuwa kijani, lakini kemia iko wapi?



Kila mwaka, miezi miwili au mitatu mbele ya Examen d'État, programu za itemu zinaanza kutembea mkono kwa mkono. Mmoja anaipata Kindu, anamrushia rafiki, rafiki anamrushia binamu, na kufika mwisho wa juma wafinalisti wa biolojia-kemia wote wameinamia telefone chini ya mwembe, pale mtandao unakamata. Mwaka jana nilikaa nao, nikafungua programu mbili tatu, nikajibu maswali mpaka chaji ikaisha. Nataka kusema wazi kile nilichoona, sababu wadogo zetu wanatoa franka zao za mega juu ya vitu hivi.

Sura yao ni moja. Swali, majibu ya kuchagua, unagusa moja. Ukipata, kijani. Ukikosa, nyekundu, jibu la kweli linatokea, basi, twende swali lingine. Chukua swali la kawaida: umeyeyusha gramu 10 za NaOH, ukaongeza maji mpaka mililita 250, konsentrasio ni ngapi? Moli moja ya NaOH ni gramu 40, kwa hiyo uko na moli 0,25. Ukigawanya kwa litre 0,25 unapata 1 mol/L. Anayesahau kugeuza mililita kuwa litre anapata 0,001. Anayegawanya gramu bila kupita kwenye moli anapata 40. Yule wa kwanza anajua kemia, ni vipimo vinamsumbua. Wa pili hajaelewa moli ni kitu gani. Mwalimu mzuri angewatibu kwa dawa mbili tofauti, lakini telefone inawapa wote nyekundu ileile.

Finalisti mmoja alinionyesha kwa furaha alama 38 juu ya 40. Nikachukua karatasi, nikamwandikia swali lilelile, ila kwa gramu 4 na mililita 200. Jibu ni 0,5. Akaandika 1. Hakuwa amehesabu kitu. Alikariri kwamba swali la NaOH jibu lake ni moja. Na huyu si mvivu, muniamini: alikuwa anaamka saa kumi ya usiku kusoma kwa mwanga wa telefone ileile.

Najua mtaniambia: Examen d'État yenyewe ni itemu, acha watoto wazoee. Nusu ya kweli iko hapo. Kuzoea kusoma swali haraka, kuzoea saa, hayo yanasaidia. Lakini mtihani unabadilisha namba, na tena unaisha. Baada yake mtu anaenda kufundisha kemia Wamaza ao Kipaka, mbele ya watoto sitini, na pale hakuna majibu ya kuchagua.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba mashini ya kufundisha kemia si kitu kipya, na ya zamani haikuwa hivi. Chuo kikuu cha Illinois, Marekani, kilianza mfumo wa PLATO mwaka 1960. Katika miaka ya 1970 profesa Stanley Smith aliandika humo masomo ya kemia ya oganiki, na mwanafunzi alikuwa anaandika jibu lake mwenyewe kwa kibodi, mashini inajibu kulingana na kile alichoandika. Miaka hamsini imepita, sisi tunapewa kugusa A ao B.

Sasa kuna programu nyingine ambazo wengi hapa hawajazifungua: zile za PhET, za chuo kikuu cha Colorado Boulder. Zilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, yule aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2001. Ni za bure, na ukisha kuzipakua zinafanya kazi bila mtandao, kwa hiyo flash moja inaweza kuzunguka kalasi nzima. Ile ya kusawazisha mlinganyo inakuonyesha molekuli zenyewe. Ukikosea kuna kitufe cha kukuonyesha sababu, unaona mizani imeinama upande wa oksijeni. Jaribio la kwanza linakupa alama 2, la pili alama 1. Ukisawazisha kwa namba kubwa mno, inakuambia umesawazisha lakini bado hujarahisisha. Njo mambo ambayo mwalimu angesema.

Hata hivyo nayo ina udanganyifu wake. Niliona vijana wakipandisha namba moja baada ya nyingine huku macho yako kwenye mizani tu, kama mtu anayetafuta mawimbi ya redio. Ikisimama sawa, wanashangilia. Ukiwauliza kwa nini ni 2 na si 3, kimya. Tangu hapo nawalazimisha kuandika jibu kwenye karatasi mbele ya kugusa kitu. Wananichukia kidogo, lakini wanahesabu.

Ile ya skeli ya pH ndiyo nayoipenda kuliko zote. Kuna maziwa, kahawa, maji ya chungwa, sabuni, hata asidi ya batri, na unaona ioni zinavyoongezeka mara kumi kila pH ikishuka kwa 1. Kwetu hii si mchezo. Dhahabu ya kiwandani, kama ile ya Namoya kule Salamabila, hutolewa kwa maji ya sianidi, na maji hayo yanawekewa chokaa ili pH ibaki juu ya 10. Kwenye pH 10,5, sehemu inayokuwa HCN, ile gesi ya kuua, ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 imepita nusu. Programu za itemu zitakuuliza pH ya HCl 0,01 mol/L, utagusa 2, utapata kijani. Lakini kijana wa Kabambare anayeona 10 na 9 kama namba mbili jirani tu, huyo amepita kalasi ya sita bila kuelewa kitu ambacho kinaweza kumuua ndugu yake.

Baadhi ya PhET zimetafsiriwa Kiswahili na watu wa kujitolea. Nilifurahi, halafu nikaona shida. Mtu wa Dar es Salaam anasema tindikali, sisi kalasini tunasema acide, na mtihani wetu ni wa Kifaransa. Kwa hiyo ninafundisha na ile ya Kifaransa, ninaeleza kwa Kiswahili chetu.

Tena ekrani haina harufu, haimwagiki, haikosei. Wafinalisti wangu hawajawahi kushika bureti. Basi siku moja, baada ya programu ya pH, tulichemsha maua mekundu ya ngai-ngai, tukagawa maji yake ndani ya glasi tatu. Moja tukaacha, moja tukatia ndimu, moja maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Ya ndimu ikawaka nyekundu. Ya majivu ikageuka kijani chafu. Yule wa 38 juu ya 40 akachukua glasi ya kijani, akaanza kutia ndimu tone kwa tone, polepole, akihesabu kwa sauti. Rangi ikarudi ghafula kwenye tone moja. Akaniuliza kwa nini matone yote ya mbele hayakufanya kitu, halafu hilo moja likafanya yote. Sikumjibu siku ile. Nilimwambia afungue tena programu, atafute mwenyewe.

Faili ziko kwangu, kwenye flash. Mwenye kushuka kutoka Kabambare juma lijalo anipitie, aje na kompyuta yenye chaji.