Msaka Konokono

Ukishika barabara ya Same kwenda Mkomazi kwa kupitia Kisiwani, milima ya Upare inabaki mkono mmoja na nyika ya Hifadhi ya Mkomazi mkono wa pili. Ghafla, Gonja Maore, unakutana na kijani cha majaruba ya mpunga. Maji yake ni ya mto Hingilili, unaoshuka milimani na kugawanywa mfereji kwa mfereji mpaka umfikie mwenye kipande cha robo eka. Mbele kidogo, Ndungu, mto Yongoma unanywesha skimu ya hekta 680 iliyojengwa kwa msaada wa Japani. Wapare ni mafundi wa maji wa tangu jadi, na ndiva zao, yale mabwawa yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi, zimeshaandikiwa mengi na wataalamu. Mimi nataka kumsifu fundi ambaye hata watoto humcheka: yule anayesimama kwenye maji na chujio lenye mpini mrefu, akitafuta konokono.

Wapita njia humuuliza, “Mjomba, unavua nini humo?” Akijibu kuwa ni konokono, swali la pili ni kama wanaliwa.

Anachokiwinda hasa si konokono bali mgeni aliye ndani yake, mnyoo bapa wa kichocho, ambaye daktari Mjerumani Theodor Bilharz alimtambua Cairo mwaka 1851. Minyoo wakubwa wanaishi kwenye mishipa ya damu ya binadamu, miaka na miaka, dume akiwa amejikunja kama jani na jike amelala ndani ya mkunjo huo. Mayai hutoka na mkojo au kinyesi. Yakifika kwenye maji baridi yanaanguliwa, na kijidudu kinachotoka humo kina muda mfupi tu, kama siku moja, wa kumpata konokono wa aina inayomfaa. Akimkosa, hadithi imeishia hapo. Akimpata, anazaliana ndani yake, na baada ya mwezi au zaidi konokono huyo anaanza kumwaga sekaria, yaani viluwiluwi wa mnyoo huyo, kwa mamia na maelfu kila siku. Hao ndio wanaopenya ngozi ya mpandaji mpunga, ya mama anayefua, ya mtoto anayeoga.

Kwa hiyo fundi wetu anaanza kwa kuusoma mfereji. Pale maji yanapokimbia hapotezi muda, kwa sababu konokono hawa hawapendi kusombwa. Anakwenda maji yalikolegea: nyuma ya kalavati, kwenye kona iliyoota magugu, pale wafuaji walipoweka mawe yao. Chujio halichoti ovyo. Linapita chini ya majani, linainuliwa taratibu, linatikiswa tope lishuke, kisha jani linageuzwa, maana konokono anakaa upande usioonekana. Kazi inakwenda kwa saa: dakika 15 kila kituo, kwa utaratibu unaotumika sana, ili hesabu ya leo iweze kulinganishwa na ya mwezi ujao. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Dakika ya tatu jicho limeshaamua kwamba hapa hakuna kitu, mgongo unauma, jua linachoma, na bado zimebaki 12. Sifuri ya mtu aliyetafuta dakika 3 na ya aliyetafuta 15 zinafanana kabisa kwenye daftari, wala hakuna msimamizi atakayezitofautisha.

Akimpata, anamshika kwa kibano, ncha ya gamba juu na mdomo ukimtazama. Mdomo ukiwa kushoto, moyo unaanza kudunda: huenda ni Bulinus, mbebaji wa kichocho cha kibofu. Ukiwa kulia, ni wengine, anarudishwa majini. Biomphalaria, mbebaji wa kichocho cha tumbo, hana ncha. Amejiviringa bapa kama kamba iliyokunjwa mezani. Jicho lililozoea linatenganisha hayo kwa sekunde, lakini lina mpaka wake. Unguja wapo Bulinus wa aina mbili wanaofanana mno, mmoja anaambukiza kichocho na mwenzake haambukizi, na ilibidi maabara ipime vinasaba ndipo wakatenganishwa kwa uhakika.

Kisha inakuja kazi ya kungoja. Kila konokono anawekwa peke yake kwenye kichupa cha maji safi yasiyo na klorini, na vichupa vinapangwa kwenye mwanga. Sekaria wa kichocho cha binadamu hutoka mchana, saa ambazo watu wamo majini. Kwa jicho ni vumbi linaloelea. Chini ya hadubini kila punje ina mkia uliogawanyika panda, unaochapa maji. Asiyeona kitu hamtupi konokono wake: anaweza kuwa ameambukizwa juzi tu, kwa hiyo anafugwa wiki kadhaa na kupimwa tena. Hata mkia wa panda si hukumu ya mwisho, maana kichocho cha ng’ombe nacho kina sekaria wa namna hiyo hiyo, na Maore ng’ombe na mpunga wanakunywa mfereji mmoja.

 

Dawa ya binadamu ni prazikwanteli. Inaua minyoo waliokomaa, mfereji haiugusi. Ya konokono ni niklosamidi, lakini inaua na samaki, kwa hiyo mpulizaji asiyewatangulizia wavuvi habari anajitafutia ugomvi. Mwaka 1964, huko Adwa, Mwethiopia Aklilu Lemma aliona konokono waliokufa chini ya mahali wanawake walipofulia kwa matunda ya mmea wa endodi, akaanzia hapo utafiti wa maisha yake yote. Nina hakika wengi walipita pale kabla yake.

Zanzibar, kati ya 2011 na 2017, shehia 90 ziliingizwa kwenye jaribio kubwa: zote zilipewa dawa mara 2 kwa mwaka, baadhi zikaongezewa upulizaji wa konokono. Kichocho kilishuka sana, hakikukatika, na upulizaji haukuleta tofauti kubwa. Yupo atakayesema basi msaka konokono arudi nyumbani. Mimi naona kinyume. Kichocho kikishabaki kidogo, kinajificha kwenye madimbwi machache, na lazima awepo wa kusema ni dimbwi lipi. Pemba, kuanzia 2020, kazi ikaelekezwa hivyo hivyo, kwenye vituo vilivyobaki.

Upare kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji. Magugu yakitolewa, konokono wanatoka nayo. Bulinus anavumilia ukame kwa kujifungia ndani ya gamba, kwa hiyo lundo lililoachwa ukingoni linarudi majini na mvua ya kwanza. Linatakiwa lisogezwe mbali, likauke kabisa au lichomwe, na kabla ya hapo msaka konokono aruhusiwe kulipekua.