Aloi ya nikeli hustahimili joto, haizuii joto

KIJITABU kimoja cha kuuzia vifaa vya tanuri za viwandani, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, kilinifikia juzi. Ndani yake, aloi za nikeli zimeelezwa kuwa ni metali 'zinazozuia joto'. Tafsiri hiyo ina walakini.

Kitenzi 'zuia' kina maana ya kufanya kitu kisipite au kisiendelee. Kinachozuia joto tanurini ni matofali maalum yanayojengewa kuta ili joto lisitoroke nje. Aloi ya nikeli haina kazi hiyo. Joto huipenya, nayo ikawa nyekundu pyu! Sifa yake ni kwamba haiharibiki upesi. Hiyo ndiyo maana ya 'stahimili' au 'himili': kuvumilia jambo gumu bila kushindwa.

Hebu tutazame mfano. Aloi iitwayo Inconel 600 ina nikeli isiyopungua asilimia 72, na kromi kati ya asilimia 14 na 17. Kromi hiyo ikikutana na oksijeni kwenye joto kali, huunda utando mwembamba unaoikinga metali iliyo chini isiendelee kuliwa. Hapa sasa 'zuia' lingefaa: utando huzuia oksijeni, si joto.

Aidha, kijitabu kinaiita aloi hiyo 'chuma kisichoyeyuka'. Yapo makosa mawili. Kwanza, chuma ni metali moja tu, hata kama mafundi wetu wa jua kali huita kila metali 'chuma'. Pili, nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi, mapema kuliko chuma, ambacho huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Ubora wa aloi hii basi hautokani na kukataa kuyeyuka, bali kutobabuka wala kulegea upesi inapobeba mzigo motoni.

Utasikia mtu akisema, "Aah, si fundi ataelewa tu!" La hasha! Mwanagenzi akiambiwa kwamba bomba linazuia joto, atadhani upande wa nje umepoa, aushike kwa mkono mtupu. Naye mnunuzi atatoa pesa nyingi kununua aloi pale alipohitaji tofali.

Kwa hivyo, tuseme na kuandika 'aloi ya nikeli inayostahimili joto kali'. Kazi ya kuzuia joto tuliachie tofali.