Gitaa la Mwenda Jean Bosco

Huko Kabambare tulimsikia mzee mmoja akipiga gitaa la nyuzi tano, na uzi mmojawapo ni waya wa breki ya baiskeli. Vijana waliosimama karibu walicheka. Lakini wimbo ule tuliujua: ulikuwa "Masanga". Tukamwuliza, "Baba, nani alikufundisha?" Akajibu, "Sahani ya gramafoni." Tukauliza tena, "Na wewe umemfundisha nani?" Akanyamaza. Kwa ajili ya kimya kile twaandika leo habari za mtungaji wa wimbo huo.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, mji wa Wayeke, alipotawala Mfalme Msiri hata alipouawa mwaka 1891. Ndiyo maana aliitwa pia Mwenda wa Bayeke. Hakuwa mtu wa Maniema, lakini aliimba Kiswahili cha Kongo, ambacho mtu wa Kasongo hahitaji mkalimani kukisikia. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akainasa sauti yake. Miaka michache baadaye Bosco alikaa Nairobi kwa muda, akasikika redioni, na wapiga gitaa wengi wa Kenya wakamwiga. Mwaka 1969 alipiga mbele ya watu wa Newport, Marekani. Hata hivyo hakuishi kwa gitaa tu. Alifanya pia kazi ya benki. Alikufa kwa ajali ya gari nchini Zambia, Septemba 1990.

Basi, uzuri wa kazi yake ni nini? Anayesikia "Masanga" mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Kumbe ni mtu mmoja, na vidole viwili: kidole gumba chashika nyuzi nene na kulinda mwendo, kidole cha shahada chacheza juu kwenye nyuzi nyembamba. Wapiga likembe wa vijiji vyetu hawatashangaa sana, maana nao wamezoea mkono huu kusema na ule kujibu. Bosco alisikiliza pia nyimbo za Kuba, wala hakuona haya kujifunza kwa wageni. Lakini alichopokea alikipika katika chungu chake mwenyewe. Hapo twamwona fundi wa kweli: chombo ni cha ng'ambo, mkono ni wa nyumbani.

Tuseme kweli, si kila kitu chake ni sawa. Katika nyimbo nyingine maneno yafuatana kama wasafiri waliokutana njiani tu: huyu asalimu, yule alalamika, na habari haifiki mwisho. Ukiyaandika maneno hayo peke yake, utaona upungufu. Gitaa ndilo linaloyabeba. Anayetaka kumfuata Bosco na aige mkono wake, lakini maneno ayapime vizuri zaidi.

Tena kuna jambo linalotuuma. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft aliandika kwa nota jinsi Bosco alivyopiga. Mwingereza John Low alisafiri mpaka Lubumbashi kujifunza kwa wapigaji wenyewe, akatoa kitabu mwaka 1982. Wageni walivuka bahari kutafuta vidole hivyo. Sisi tulipita karibu navyo kila siku. Sisi tuliosoma seminarini tulijifunza nota na kinanda, tukarudi vijijini tukijiona mabwana wa muziki, na wazee wenye magitaa hatukuwauliza neno. Kosa hilo ni letu, hatumsingizii mtu.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Zamani tulingoja mtu kama Tracey aje na mashine yake. Leo hatuna udhuru huo, maana simu ya kijana wa Kasongo yanasa wimbo mzima. Lakini kunasa hakutoshi. Sauti hukaa katika simu, ufundi hukaa katika vidole, na vidole havifundishwi ila na vidole. Kijana na aketi karibu na mzee, akosee, arudie, akosee tena.

Yule baba wa Kabambare bado anapiga jioni mbele ya nyumba yake. Tulipoagana naye alitupa gitaa tulishike. Hatukuweza kupiga hata mwanzo wa wimbo. Tumeahidi kurudi.