Kitalu Kisicho na Chini

Asubuhi hapa Mtera, jua likiwa bado la kuvumilika, nafunua nyasi kavu juu ya kitalu cha vitunguu na kuchomeka kidole udongoni. Ukinata, naliweka kopo chini. Ukimomonyoka, namwagilia kidogo kidogo kwa kopo nililolitoboa vitundu kwa msumari. Bwawa lote la mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo limelala mbele yangu, maji ya kuendesha mitambo ya megawati 80, lakini mche mwembamba kama uzi hauna haja ya bwawa. Unataka tone lipite mzizini, kisha lishuke, liuachie mzizi nafasi ya kupumua.

Kushuka huko sikuwahi kukuwazia, mpaka niliposoma habari za watu waliootesha mbegu mahali pasipo na chini.

Mwaka 1971 Warusi walirusha Salyut 1, kituo cha kwanza kabisa cha anga, na ndani yake mlikuwa na kisanduku kidogo cha kuoteshea mimea kilichoitwa Oazis. Mlisiwa kitani na kabichi ya Kichina, hii tunayoiita chainizi. Aliyeitunza ni mhandisi Viktor Patsayev. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo, yeye na wenzake wawili walifariki wakirejea duniani, hewa ilipovuja chomboni. Mimi ni mlimaji wa mboga, nami namkumbuka kwa heshima ya mtu wa kazi yangu: bustani ya kwanza ya kituo cha anga ilikuwa na mtunzaji wake, na mtunzaji hakurudi.

Waliobaki waliendelea. Mwaka 1975, ndani ya Salyut 4, njegere na vitunguu vikaota. Lakini kuota si kuzaa, na ugumu ulianzia kwenye maji. Kule tone halianguki. Hung'ang'ania mzizi na kuuzingira, mche ukazama katika maji ambayo hapa kwetu yasingelowesha hata kiganja. Hewa nayo haitembei, kwa kuwa ya moto haipandi wala ya baridi haishuki. Jani likiachwa hivyo hujikuta limezungukwa na pumzi yake lenyewe. Kila ambacho uzito hutufanyia bure, fundi wa kisanduku alilazimika kukitengeneza: feni ya kusukuma hewa, taa za kuelekeza shina, udongo wa kugawa maji.

Mwaka 1982, katika chumba cha Fiton ndani ya Salyut 7, kimmea kiitwacho Arabidopsis kilichanua na kutoa mbegu, mara ya kwanza nje ya dunia. Ni kijimmea duni kwa sura, na ndugu zake wanaota wenyewe kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Kisha mwaka 1990 mafundi wa Bulgaria na wenzao wa Urusi wakafunga kisanduku cha mimea kiitwacho Svet kwenye kituo cha anga cha Mir. Shamba lake lilikuwa sentimita za mraba 1,000, dogo kuliko ungo wa kupepetea. Badala ya udongo walitia punje za madini ya zeolaiti zilizoshibishwa chumvi za lishe, zishike maji na bado ziache vinjia vya hewa kati yake. Hapo nawavulia kofia, maana hata mimi ninapochanganya samadi iliyooza na mchanga wa korongoni, ndicho ninachokitafuta.

Mwaka 1996 ngano ilisimama vizuri ndani ya Svet, ikatoa masuke kwa mamia. Walipoyapukuchua, hayakuwa na punje hata moja. Chanzo kilikuwa etilini, gesi iliyojikusanya katika hewa ya kituo. Mama zetu wanaijua kazi yake bila kuijua kwa jina: ndiyo inayoivisha ndizi zilizovundikwa. Kituo kizima kilikuwa kimeivundika ngano. Wakatafuta aina inayostahimili, na mwaka 1999 wakavuna punje.

Kati ya majaribio hayo mawili, mwaka 1997, mwanaanga Michael Foale alikuwa Mir akitunza mimea ya jamii ya chainizi. Nyuki hawakuwapo, akachavusha maua kwa mkono. Mwezi Juni chombo cha mizigo kiliwagonga, sehemu moja ya kituo ikapoteza hewa na umeme ukapungua. Mimea iliendelea kutunzwa, na mbegu iliyozaliwa angani ikasiwa palepale, ikaota.

Tangu niyajue hayo, sina haraka tena na kopo langu. Nikishamwagilia, nachuchumaa kando ya tuta na kutazama. Maji hung'aa juu ya udongo kwa muda mfupi, viputo vichache vya hewa vinapasuka, kisha yote yanashuka. Nangoja mpaka ung'avu wa mwisho umalizike ndipo nirudishe nyasi.