Siti binti Saad: Mwimbaji Aliyekuwa Mpiga Mbiu

Mwimbaji hupimwa kwa mizani gani? Wengi husema, kwa utamu wa sauti. Mtu akiwa na sauti nzuri huitwa fundi, na akiikosa huambiwa anyamaze. Mizani hiyo ina haki yake, walakini haitoshi. Natoa mfano wa Siti binti Saad wa Unguja. Sifa zake zimesemwa na kuandikwa kwa miaka mingi, lakini naona ya kuwa wengi wa wasifuo wameshika lililo dogo wakaacha lililo kubwa.

Kwanza nitaeleza maisha yake kwa kifupi. Alizaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, mwaka 1880. Baba yake kwa asili alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu waliojua utumwa, hata mtoto mwenyewe alipewa jina la Mtumwa. Elimu ya kusoma na kuandika hakupata. Kazi ya nyumbani ilikuwa ufinyanzi, naye binti alijitwika vyungu kichwani akavitembeza, akiwaita wanunuzi kwa sauti yake. Basi soko ndilo lililokuwa chuo chake cha kwanza. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin akamfundisha uimbaji. Hatimaye Mtumwa akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Tangu jina lile la kwanza mpaka hili la pili ni safari ndefu kuliko njia ya kutoka Fumba mpaka mjini.

Wakati huo taarabu ilikuwa starehe ya wakubwa. Ililetwa kutoka Misri siku za Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Mchukuzi wa bandarini na mpishi wa nyumba ya tajiri waliweza kuusikia mlio wake kupitia dirishani, lakini maneno hawakuyafahamu. Siti na wenzake, akina Subeti bin Ambar, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban, waliimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 walivuka bahari mpaka Bombay, Bara Hindi, wakatiwa sauti zao katika sahani za santuri za His Master's Voice, zile zenye picha ya mbwa asikilizaye pembe. Sahani hizo zilirudi Afrika ya Mashariki zikauzwa pwani na bara, na mtu asiyepata kuiona Unguja aliweza kumsikia Siti akiwa amekaa mkahawani.

Yafaa tuangalie tarehe hapa. Siti alifariki mwezi wa Julai mwaka 1950. Sauti ya Dar es Salaam, redio ya kwanza ya Tanganyika, ilianza kusema mwaka 1951. Kwa hiyo Siti hakupata kuwa mtangazaji wa redio, lakini kazi ya mtangazaji aliifanya kabla redio haijaja. Habari za mji zilipitia kinywani mwake. Yaliyotendeka barazani, mahakamani na vichochoroni yalitiwa katika shairi, shairi likatiwa katika sahani, na sahani ikasafiri. Ndiyo maana namwita mpiga mbiu.

Mfano ulio bora ni wimbo wake uitwao Kijiti. Habari yake ni ya kweli, nayo ni ya huzuni. Mtu aitwaye Kijiti alimchukua mwanamke mgeni, mwenye mimba, kana kwamba ampeleka kwenye tafrija, kisha akamwua. Mwuaji alivuka maji akakimbilia bara salama. Waliosimama mbele ya hakimu walikuwa mashahidi, na hasira ya hakimu ikawaangukia wao. Mwenye damu mikononi amekwenda zake, naye mwenye kusema kweli ndiye apatiwaye hatia! Gazeti gani lilikuwa tayari kumlilia mwanamke yule? Siti alimlilia, tena akamtaja mwuaji kwa jina lake, ili hata akiwa ng'ambo ya bahari jina limtangulie. Baadaye Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba wimbo huo huo, na vijana wa leo huusikiliza katika simu zao. Hukumu ya hakimu imekwisha kusahauliwa; hukumu ya wimbo ingali ikisomwa.

Tena wako waliomdhihaki Siti mwenyewe. Walimwimbia ya kuwa ametoka shamba, na ya kuwa hana uzuri wala ukoo. Naye aliwajibu kwa wimbo ya kuwa sura na nasaba si hoja, na kwamba mwenye hasara ni mtu aliyekosa akili. Jibu hilo halina matusi. Hakumtukania mtu mama yake, wala hakujificha kwa aibu. Walioleta ile dhihaka hatuwajui leo.

Lakini mhakiki asiwe mpiga vigelegele. Si nyimbo zote za Siti zina uzito huo. Nyingine ni za mapenzi, na nyingine ni sifa za wakubwa, kwa maana mwimbaji naye alihitaji kula, na mwenye karamu ndiye aliyelipa. Tena mafumbo yake mengine yalikuwa wazi kwa mtu wa Unguja wa siku zile, ila sisi twayapapasa gizani. Na Shaaban Robert, aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya thamani ambayo kila shule ingefaa kuwa nayo, ametuonyesha zaidi mwanamke mwenye subira na adabu. Alitaka awe kielelezo, na kweli ni kielelezo. Lakini subira ni nusu yake tu. Nusu ya pili ni ule ushujaa wa kusema mbele ya watu jambo ambalo wenye nguvu wangependa lifunikwe. Tukimsifu kwa upole peke yake, twamnyamazisha mara ya pili.

Najua wako Wakristo watakaouliza, Sisi tuna haja gani na nyimbo za dunia, tena za mwanamke Mwislamu wa pwani? Nawajibu kwa Maandiko. Nathani alipotaka kumkemea mfalme Daudi hakuanza na laana, bali alimsimulia habari ya maskini aliyenyang'anywa mwana-kondoo wake mmoja. Miriamu na Debora waliimba, na nyimbo zao zilikuwa habari za mambo yaliyotendeka. Basi wimbo si dhambi kwa kuwa haukuimbwa kanisani. Swali la kuuliza ni hili: wimbo huu umesimama upande wa nani?

Swali hilo latuhusu sana sisi wa Nyangoto na vijiji vyote vya Tarime na Serengeti. Nchi yetu ina waimbaji wengi, na litungu likipigwa hata mzee aliyechoka huinuka. Lakini tusikilize vema maneno. Msimu wa tohara ukifika, hutungwa nyimbo za kumdhihaki msichana aliyekataa kukeketwa. Huambiwa si mtu, huambiwa hataolewa, naye huyasikia kisimani na njiani. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini wimbo waweza kumrudisha kwenye wembe msichana ambaye sheria imemkinga. Wako waliokimbia nyumbani kwa sababu hiyo wakapokewa na watu wa kanisa. Wimbo huo, hata sauti ikiwa tamu kama asali na nyuzi zikapangwa sawasawa, kwa mizani ya Siti ni wimbo mwepesi. Umemsaidia mwenye nguvu kumpiga asiye na nguvu.

Basi, wazazi na walimu wenzangu, mtoto wa kike akionekana ana kipawa cha kuimba, tusimwambie kuwa ni uhuni. Muuza vyungu wa Fumba angeambiwa hivyo akatii, mgeni aliyeuawa angezikwa pamoja na habari yake. Na ninyi wapigaji wa litungu, sauti mnayo na nyuzi mnazo. Msimu ujao tungeni wimbo wa yule binti aliyekataa, mtaje ushujaa wake mbele ya baraza la wazee, kisha tutakuja kuwasikiliza na kuwapima.