Yai la Kasa Si Yai la Kuku

Mliokwisha kuona kiota cha kasa kikihamishwa kwenye fukwe za Lamu mnayajua mambo yanavyokwenda. Jua limetoka, walinzi wamekuta mburuzo wa kasa aliyepanda usiku, mchanga unafukuliwa, na mayai mia na ushei yanatiwa kwenye ndoo yapelekwe juu, bahari isikofika. Ulinzi mzuri, hesabu nzuri. Kosa liko kwenye saa. Kiota kilichotagwa saa tano usiku hakihamishwi saa mbili asubuhi, na anayefanya hivyo anayaua mayai aliyokuja kuyaokoa.

Yai la kuku lina kamba mbili za ute zinazoshikilia kiini katikati, ndiyo maana mama kuku huligeuzageuza na kifaranga asidhurike. Yai la kasa halina kamba hizo. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hupanda juu na kujishikiza kwenye utando chini ya ganda. Pale kiliposhika, ganda hupauka, likafanya doa jeupe linalotambaa siku hadi siku. Ligeuze yai wakati huo, utando unachanika na kiinitete kinakufa kingali kidogo kuliko punje ya mtama. Kwa nje yai halionyeshi kitu. Ndiyo sababu kosa hili limedumu: kiota kinafukuliwa baada ya miezi miwili, mayai viza yanaandikwa kwamba hayakuwa na mbegu, na lawama anabebeshwa kasa. Mtafiti wa kasa Colin Limpus na wenzake walilithibitisha hili Australia kwa mayai ya duvi, aina mojawapo ya kasa, wakalichapisha mwaka 1979. Na kazi ya usiku inawezekana: mtafiti mwingine wa kasa, Archie Carr, tangu 1955 kule Tortuguero, Costa Rica, aliwatia kasa alama usiku, wakiwa bado ufukweni. Siku hizi tunalisubiri jua.

Nitaambiwa kwamba kiota kikiachwa, bamvua litakichukua. Kikiwa chini kabisa, sawa, kihamishwe hata asubuhi, kwa kuwa yai lililozama halina la kupoteza. Lakini hapo kila yai litiwe alama ya kalamu ya risasi juu yake kabla ya kuinuliwa, na lilazwe vilevile lilivyokuwa. Kiota kinachoguswa na maji mara moja tu kwa muda mfupi hakifi chote. Viota vingi huhamishwa kwa hofu, si kwa kupima mstari wa maji makuu.

Na kwa kuwa tumefika hapa, nalirudia la zamani: vitoto visiwekwe kwenye karai kungoja wageni. Akiba ya kiini waliyotoka nayo ni ya kuogelea kuvuka miamba. Wakiimaliza kwa kuzunguka karai, wanaingia baharini wamechoka. Shimo jipya la kiota kinachohamishwa nalo lichimbwe kama mtungi, shingo nyembamba na tumbo pana, kwa kina kilekile cha mama, maana mchanga wa juu huwaka. Joto likizidi kama nyuzi 29 katika theluthi ya kati ya uatamizi, wengi hutoka majike. Likipita 33 kwa siku nyingi, wengi hawatoki kabisa. Kivuli cha makuti kingetosha.